Kilomita za mwisho zinazomeza Jumamosi ya mtalii wa ndani

*Vivutio vingi vya Mbeya na Iringa viko karibu na lami. Mwenye gari dogo anaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni. Kinachomrudisha nyumbani bila kuviona ni kipande kifupi cha mwisho.*

CHIMALA, Mbarali. Vijana wa bodaboda wanalizunguka gari letu na kuinama kuangalia chini yake. Ni Toyota IST, gari la kawaida kabisa katika mitaa ya Mbeya. Mmoja anapima kwa kiganja nafasi iliyopo kati ya bampa na ardhi, kisha anatikisa kichwa. Usiku mvua ilinyesha huko juu, anatuambia, na gari la viazi lililoshuka alfajiri limefika likiwa na tope hadi madirishani.

Mbele yetu mlima umesimama kama ukuta. Barabara ya udongo inaupanda kwa kona ambazo wenyeji walizihesabu zamani, wakaiita Hamsini na Saba. Ukizimaliza unafika Matamba, na ukiipita Matamba unaingia katika uwanda wa Kitulo, kwenye hifadhi ya taifa ambayo watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuona maua yake.

Safari yenyewe haikupangwa. Rafiki yangu, muuza vipuri wa Mwanjelwa, alinipigia simu saa 12:00 asubuhi: "Kaka, leo dukani namwachia kijana. Mafuta ninayo. Twende Kitulo tukaone maua, jioni tumerudi." Mtu huyu amefika Lusaka na Lubumbashi kufuata biashara. Kitulo, iliyo nyuma ya milima anayoiona kila anapokwenda Uyole, hajawahi kuikanyaga. Na hayuko peke yake.

Kazi niliyopewa na dawati ilikuwa kutafuta sababu. Kwa nini mkazi wa Mbeya au Iringa mwenye gari, mwenye siku moja ya mapumziko na mwenye hamu ya kwenda kuosha macho, haendi? Jibu linalozoeleka kwenye semina ni kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Nimezunguka mikoa yote miwili na jibu hilo silikubali.

Maua huja na mvua

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 413, na sehemu kubwa ya uwanda wake iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina zipatazo 350 za mimea zimeorodheshwa humo, zikiwamo aina 45 za okidi. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu.

Upande wa Makete wa hifadhi hiyo ulikuwa mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, ulipozaliwa mkoa wa Njombe. Kwa hiyo mtu wa Iringa mwenye umri mkubwa bado anaihesabu Kitulo kuwa ya kwao, na mtu wa Mbeya naye anaihesabu kuwa ya kwake. Wote wawili wana haki, na wengi wa pande zote mbili hawajafika.

Kwa mtu wa gari dogo, Kitulo ina sifa ambayo mbuga kubwa hazina. Hakuna makundi ya simba wala tembo kule uwandani. Mgeni anashuka garini na kutembea kwa miguu, na kutembea ndiko kunakoleta raha. Hahitaji gari linalofunguka paa wala darubini.

Tatizo ni kalenda. Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani mvua inaponyesha. Mvua hiyohiyo inayoyachanua maua ndiyo inayoigeuza barabara kuwa utelezi. Mwezi Agosti njia inakuwa kavu na IST inapita vizuri, lakini uwandani utakuta nyasi zilizokauka na baridi ya kukata masikio. Januari maua yamejaa, ila gari la chini halifiki kirahisi.

> Mvua inayochanua maua ya Kitulo ndiyo inayofunga njia ya kuyafikia.

Tuligeuza gari. Tukarudi Uyole, tukashika barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, kisha tukakata kushoto kuelekea Kikondo. Njia ya huku inapanda taratibu kidogo, ingawa nayo ina vipande ambavyo abiria lazima ashuke ili gari lipate wepesi. Nilishuka. Nilitembea kandokando ya mashamba ya viazi huku mwenzangu akilitafutia tairi mahali pakavu, na akina mama waliokuwa wakivuna walimwelekeza kwa mikono: kushoto, kushoto tena, sasa kanyaga.

Tulifika uwandani mchana. Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka, na kitu cha kwanza kujitokeza kilikuwa rangi. Kulikuwa na maua marefu yaliyosimama juu ya bua moja, mekundu kileleni na ya njano kwa chini, nyuki wakiingia na kutoka. Okidi lazima uzitafute. Rafiki yangu alipiga magoti kwenye nyasi zenye maji mbele ya ua dogo la zambarau lenye madoa meusi mdomoni, lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Hakulichuma. Akaniita kwa sauti ya chini kana kwamba litaruka, tukaliangalia hadi suruali zikalowa magotini.

Saa 10:00 jioni ilibidi tuondoke, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kukutwa na giza kwenye utelezi ule. Siku nzima ilikuwa imetupatia muda mfupi mno miongoni mwa maua. Muda mwingine wote uliishia njiani.

Barabara iliyozaliwa kwa mizigo

Barabara kuu inayounganisha Iringa na Mbeya haikujengwa kwa ajili ya matembezi. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Katika mvutano uliofuata, Zambia ikapoteza njia yake ya mafuta ya upande wa kusini. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya kwenye barabara ya udongo, yakianguka mabondeni na kukwama matopeni. Njia ile ikajulikana kama Barabara ya Jehanamu.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Lami ya barabara kuu hiyo, iliyoitwa TANZAM, ilitandikwa miaka hiyohiyo. Vyote vitatu vililenga kuvusha mizigo ya nchi jirani, na hadi leo barabara hii ndiyo inayobeba shaba ya Congo na Zambia ikishuka bandarini, na mafuta na bidhaa nyingine zikipanda.

Mwenye gari dogo anaingia katikati ya mkondo huo. Anajipanga nyuma ya malori, anakutana na magari ya IT, yaani yanayopelekwa nchi jirani, yakikimbizwa kuelekea Tunduma, na akiona matawi ya miti yametandazwa barabarani anajua mbele kuna lori limeharibika. Mteremko wa Inyala, kabla ya kufika Uyole, umeshuhudia ajali nyingi za malori yaliyokosa breki. Dereva yeyote wa Mbeya hupunguza mwendo pale na kuangalia kioo cha nyuma.

Kisha kuna vijiji. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilomita 330 hivi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Ifunda, Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi. Trafiki wenye tochi wako kazini, na madereva wanawashiana taa kupeana habari zao.

Wapo wanaolalamikia vibao hivyo kwamba vinaua safari fupi. Siwaungi mkono. Watoto wa Igurusi wanavuka barabara hiyo kwenda shule, na hakuna ua la Kitulo lenye thamani ya mtoto mmoja. Linalofuata hapo ni hesabu rahisi: kwenda na kurudi kati ya Iringa na Mbeya kwa siku moja si matembezi. Safari ya Jumamosi ya mtu wa Iringa ianzie na kuishia Iringa, na ya mtu wa Mbeya ibaki Mbeya. Mikoa yote miwili ina vya kutosha.

Kwa upande wa Mbeya, mahali palipofikiwa na lami pamechangamka. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, mwamba wa volkano ambao mto umeutoboa kwa chini, liko mwendo mfupi kutoka barabara ya Tukuyu. Tangu lami ifike Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, magari madogo kutoka Mbeya yanajaa mchangani kila sikukuu, watu wakiwa na masufuria yao, spika zao na watoto wao. Hakuna semina iliyowafundisha utamaduni wa kutalii. Walipata njia, wakaenda.

Mawe aliyookota mpita njia

Iringa ina bahati zaidi kwa sababu vitu vyake viko karibu. Isimila ni kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Unaacha lami, unaingia njia ya udongo kwa dakika chache, unaegesha gari.

Ndani ya korongo kuna zana za mawe ambazo binadamu wa kale walizichonga kandokando ya maji. Wataalamu wamekadiria umri wake kuwa miaka 260,000 hivi. Kuna mashoka ya mkono yaliyonolewa pande zote mbili, mengine mazito kiasi kwamba unajiuliza mkono ulioyatumia ulikuwa wa namna gani. Shika moja kwa ruhusa ya mwongozaji na utaona kidole gumba kinapata mahali pake penyewe. Mbele zaidi zinasimama nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kupita nyumba za ghorofa za mjini Iringa.

Mahali hapo paligunduliwa na msafiri wa barabarani. Mwaka 1951 mtu mmoja kutoka Afrika Kusini, D. A. Maclennan, alikuwa akipita kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, akaokota mawe yaliyomshangaza. Mwaka 1957 na 1958 timu ya Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago ikaja kuchimba. Waligundua pia mifupa ya kiboko wa aina ambayo ilishatoweka duniani.

Mchana unabaki wa Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini kwa barabara iendayo Ruaha. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Wajerumani, waliokuwa bado na uchungu wa kipigo cha Lugalo cha Agosti 17, 1891, kilichomuua kamanda wao Zelewski, waliivamia na kuivunja mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi alipojipiga risasi Julai 19, 1898 badala ya kukamatwa.

Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, na bado ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelikabidhi Kalenga, Juni 19, 1954. Liko pale leo, ndani ya kasha la kioo katika jumba dogo la makumbusho.

Mzazi wa Iringa mjini anaweza kumchukua jirani yake na watoto wa nyumba mbili, akaviona vyote viwili na kurudi kabla ya jua kuzama. Mafuta yake hayafiki hata robo tangi. Isimila yenyewe iko karibu na barabara kuu, na mabasi ya Mbeya yanaipita mchana kutwa abiria wakiwa wamelala.

> Mkataba wa 1919 ulitaka fuvu la Mkwawa lirudi. Lilifika Kalenga mwaka 1954.

Nani anahesabiwa kuwa mtalii

Mipango mikubwa ya kuinua utalii wa kusini imekuwapo. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za mradi wa REGROW, uliozinduliwa Iringa Februari 2018 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Hifadhi zilizolengwa zilikuwa nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Nyerere. Kitulo haikuwamo.

Mradi ukaingia kwenye mgogoro. Wananchi wa vijiji vya kandokando ya Ruaha walilalamikia kuondolewa kwenye ardhi yao na vitendo vya ukatili, benki ikasimamisha fedha Aprili 2024, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Wanaotetea njia hiyo ya mipango wana hoja nzito. Mgeni mmoja anayeshuka kwenye ndege ndogo Ruaha anaacha fedha za kigeni ambazo magari mengi ya wenyeji hayawezi kuziacha. Fedha hizo zinalipa askari wa wanyamapori na kukarabati madaraja. Serikali haiwezi kuzipuuza.

Lakini mgeni huyo akiahirisha safari, kila kitu kinasimama. Tuliona hivyo mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani. Mtu wa Mwanjelwa hakuhitaji ndege. Angeweza kwenda, akanunua mahindi ya kuchoma Isyonje, akalipa kiingilio, akamlipa kijana wa kumwongoza, akarudi mwezi uliofuata na shemeji zake. Ninapoangalia magari yanayopita Uyole siku ya Jumamosi naona wateja ambao hakuna aliyewajengea chochote, kwa sababu vivutio vyetu vimepangwa vikimsubiri mtu mwenye Land Cruiser.

Hofu ya wahifadhi ni ya kweli

Upo upande wa tatu, na ndio uliobadilisha mawazo yangu kwa kiasi. Wahifadhi wanauliza: ukimfungulia kila mtu njia ya Kitulo, nini kitabaki?

Wana sababu ya kuuliza. Kabla ya hifadhi kutangazwa, viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutwangwa pamoja na karanga kutengeneza chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Watafiti walikadiria kuwa vilivyovunwa kwa mwaka vilifikia mamilioni. Ukishang'oa kiazi, hakuna ua la mwaka unaofuata. Biashara hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda huu ulindwe.

Misitu ya Rungwe na Livingstone, inayopakana na uwanda, ni makazi ya kipunji, nyani ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua siku nyingi na wanasayansi wakamtangaza mwaka 2005. Mwaka uliofuata alipewa jenasi yake peke yake. Tangu 1923 hapakuwa na jenasi mpya ya nyani wa Afrika. Wamebaki wachache sana. Lete msururu wa magari, wanasema wahifadhi, utaleta chupa za plastiki, moto wa nyama choma na watu wa kuchuma maua ya kupambia sebule.

Wakulima wa viazi wa Matamba na Kikondo nao wana lao. Barabara ya Isyonje hadi Makete imekuwa kwenye ahadi za lami miaka nenda rudi. Kwao mvua ikikolea, gunia linalala shambani na bei inaanguka. Ukiwaambia barabara isitengenezwe ili maua yapumzike, watakuuliza ada ya shule italipwa na maua yapi.

Mimi nasimama nao kwa barabara ya umma. Itengenezwe hadi getini, kwa ajili ya viazi kwanza na kwa ajili ya matembezi baadaye. Ila ndani ya geti magari yabaki nyuma. Uwanda wenyewe unataka miguu, na mtu aliyetembea hadi akapiga magoti mbele ya ua dogo ni vigumu kumkuta siku nyingine akiling'oa. Rafiki yangu hakubaliani nami. Anataka njia ipite hadi katikati, ili mama yake mwenye matatizo ya magoti naye aone. Tumebishana toka Isyonje hadi Uyole na bado hatujamaliza, kwa sababu hoja ya mama yake sijaipatia jibu zuri.

Kinachowezekana kabla ya lami

Lami itachukua miaka. Yapo mambo yasiyoisubiri. Gari la juu moja, linalosubiri Chimala na jingine Isyonje kila Jumamosi ya msimu wa maua, lingemruhusu mwenye IST kuacha gari lake chini mahali salama na kupanda na wenzake kwa nauli ya kuchangia. Lingembeba na yule mama wa magoti. Madereva wanaozijua kona zile wapo tayari, ndio wanaoshusha viazi kila siku.

Pale njia panda pawepo ubao unaosema barabara ikoje leo, siyo mshale tu. Isimila na Kalenga zipangiwe bajaji kutoka stendi ya mjini kwa bei inayojulikana, ili hata asiye na gari aende na rafiki yake. Shule zipewe siku zao.

Halmashauri za Mbarali, Rungwe na Makete zinakusanya ushuru wa mazao yanayopita kwenye barabara hizihizi. Katika ushuru huo ziombwe greda kwanza. Lipite Oktoba, kabla ya mvua, lichonge mitaro ili maji yasitembee katikati ya njia, na kifusi kimwagwe kwenye vile vipande vibovu vya Kikondo ambavyo kila dereva wa huko anaweza kuvitaja bila kuandika.